Kalamu ya Kufutwa kwa Pasi

Jina la Vidude hakujipa mwenyewe. Alipewa na mumewe, siku alipofungua droo ya meza ya kushonea akitafuta bisibisi, akakutana na vitu ambavyo hakujua hata vinashikwa upande gani. "Mke wangu," akasema, "hivi vyote vina kazi, au vingine vinaishi humu tu?" Jina likatoka chumbani likaenda barazani, likavuka barabara, na haukupita muda wateja nao wakawa wanauliza mlangoni, "Fundi Vidude yupo?" Mwenyewe hakukasirika. Jina lilimkaa vizuri, na fundi hawezi kununa kwa kitu kinachokaa vizuri.

Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, chenye dirisha pana linaloangalia barabara. Cherehani ya umeme ilikaa karibu na soketi, ile ya miguu ikakaa karibu na mwanga. Katikati palikuwa na meza ya kukatia, ambayo mumewe aliiongezea miguu kwa vipande vya mbao ili yeye asiumwe mgongo. Pembeni kilikaa kiti chenye mito cha mama mkwe. Na chini ya meza, mbali na miguu ya wateja, yalikaa makopo mawili ya biskuti. Moja liliandikwa WAKWELI, la pili WAONGO. Kila kifaa kipya kilichoingia humo ndani kilipewa nafasi ya kujitetea, kisha kikahukumiwa.

Wala hakuwa hakimu wa papara. Kifaa alikijaribu kwenye pamba nyepesi, kwenye jinzi iliyokunjwa mara nne, na kwenye kitambaa cha bitana kinachoteleza mpaka kinatia hasira. Kwanza alikitumia kama maelezo yalivyosema, kisha kama mtu mwenye haraka, halafu kama mtu ambaye hajasoma maelezo kabisa. "Huyo wa mwisho ndiye sisi sote tukishachoka," alisema.

Kisu cha gurudumu alikicheka alipokiona, lakini kilipokata vitambaa vilivyopangwa tabaka kwa tabaka bila hata kimoja kusogea, kicheko kikamwishia kooni. Kikaingia kwa Wakweli, pamoja na onyo kwa kila aliyeuliza kwamba kinakuwa butu upesi na hakijui tofauti ya kitambaa na kidole. Vibanio vya plastiki vya kushikia pindo badala ya pini vikafuata huko huko. Subana ya ngozi, ile ya kuvaa kidoleni ili sindano isikutoboe, aliipenda mpaka akaisahau kidoleni akaoga nayo. Sindano zenye mpasuko kichwani, zinazosemekana kuwa uzi unaingia wenyewe, zilimla mchana mzima. Alikaa nazo dirishani na lenzi mkononi, kazi za watu zikimsubiri, mpaka akajua kwa nini uzi unachanika: mpasuko una ukingo mkali upande mmoja tu. Akafurahi kama mtu aliyeokota kitu, kisha akazitupa kwa Waongo.

Mwongo mkubwa kuliko wote aliletwa na mwuza barafu, jirani wa ukuta kwa ukuta, bwana mpole mwenye friza mbili na maneno mengi. Alinunua kicherehani cha kushika mkononi, cha betri, akajishonea suruali iliyochanika nyuma, akajisifu mtaa mzima kwamba mafundi sasa watafute kazi nyingine. Siku hiyo hiyo akaona uzi unaning'inia, akauvuta. Mshono wote ukafumuka kwa mkupuo, yeye akiwa amesimama mbele ya wateja wake. Vidude alipoletewa kesi hiyo hakucheka, au tuseme alicheka kidogo. Alitaka kujua. Akashona nacho, akavuta, akashona tena, akavuta tena, akagundua kwamba kinatumia uzi mmoja tu, hakina bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, cha kuushika. "Hiki hakishoni," akamwambia mwuza barafu. "Hiki kinafunga kwa muda."

Ndivyo alivyokuwa. Umpe kitu kigeni, atasahau chai mpaka ipoe. Ila kuna jambo moja lililokaa mbele ya macho yake kila siku na hakulichunguza hata kidogo, na ndilo lililomwangusha.

Mama mkwe ndiye aliyemfundisha kushona. Vidude alipoolewa alijua kubandika kifungo, basi. Yule mama alimkalisha kwenye cherehani ya miguu, akamfundisha kupima, kukata na kufumua bila kuchana, akamfundisha zaidi ya yote kushona mfarishi kwa mkono, lile blanketi la vipande vya nguo lenye pamba katikati. Kila mtoto wa Vidude alizaliwa akakuta mfarishi wa bibi unamsubiri. Mama mkwe alikuwa na mshono wake, mfupi, uliolala kidogo upande wa kulia, na mtu aliyeuzoea angeutambua gizani.

Sasa binti yake wa mwisho, wifi yake Vidude, alikuwa na mimba ya kwanza. Alikuwa ameitafuta miaka mingi mpaka watu wakaacha kumuuliza. Mama mkwe alipopata habari alitoa sanduku lake la vitambaa akasema, "Huyu nitamshonea mwenyewe. Mikono ya mtu mwingine isiingie. Nataka alale kwenye mkono wangu, maana sijui kama nitakuwepo wa kumbeba mgongoni."

Vidude akasema ndiyo, Mama. Wakakubaliana kwamba yeye atakata vipande na kutunga uzi, na mama atashona.

Tatizo lilionekana kwenye safu ya kwanza. Mishono ilianza vizuri ikaishia porini. Vipande viwili vilivyopaswa kukutana kona kwa kona vilipishana kama watu waliogombana. Vidude akanunua taa yenye lenzi kubwa, akaifunga kwenye kiti cha mama. "Taa hii inafaa, Mama?" akauliza. "Inafaa, mwanangu," mama akajibu. Mishono ikazidi kupinda. Akanunua kifaa cha kutungia uzi, akanunua pini zenye vichwa vikubwa. Kila kimoja mama alisema kinafaa, na kila kimoja hakikusaidia kitu.

Hapo ndipo kalamu ilipoingia. Ilikuwa kalamu ya wino wa buluu wa kuchorea kwenye kitambaa, na ukipitisha pasi ya moto wino unatoweka. Vidude aliijaribu kwenye vitambaa vyote vitatu, akapiga pasi, akachungulia kwa lenzi, akaloweka, akaanika. Hakuna doa lililobaki. Ikaenda moja kwa moja kwa Wakweli, na yeye mwenyewe akaanza kudanganya.

Kila asubuhi mama alishona. Vidude alikaa karibu yake akijifanya anakagua kingo, na kila mshono uliopinda akauzungushia duara dogo la buluu. Mchana mama alipokwenda kujilaza, yeye alichukua kifumulio, akafumua palipo na duara, akashona upya kwa mkono akiiga ule mshono mfupi unaolala kulia. Akamaliza kwa pasi. Maduara yakayeyuka. Mama aliporudi kutoka usingizini alipitisha kiganja juu ya kazi yake, kona zinakutana, mistari imetulia, akatabasamu. "Mkono wangu bado upo," akasema. Moyo ulimuuma na ukafurahi kwa wakati mmoja, na alipolazimika kuchagua, alichagua furaha. Alijiambia kwamba anamfichia mama aibu. Hakujiuliza kama mama aliomba kufichiwa.

Mfarishi ukakamilika juu na chini, ukabaki kupindwa kingo. Na hapo mumewe akaingia kwenye hadithi kwa njia yake. Alikuwa ameacha sigara, na badala yake alitafuna chingamu kutwa nzima kama mwenye mkataba nayo. Jumapili alasiri akajilaza kwenye kochi, akavuta kilichokuwa karibu akajifunika, usingizi ukamchukua na chingamu mdomoni. Alipoamka, mdomo ulikuwa mtupu na mfarishi wa mtoto ulikuwa na donge la waridi katikati, limekamata nyuzi zote.

"Usiguse," Vidude alimwambia, kwa sauti ambayo mwanamume mwenye akili haijibu.

Mama mkwe ndiye aliyetoa dawa. "Msisugue, mtaitia ndani. Chingamu ikiganda inabanduka yenyewe. Pelekeni kwenye friza kwa jirani." Vidude, ambaye hakuwahi kulijua hilo, akasisimka hapo hapo, akataka kujua ni kwa nini, na inachukua muda gani, na kama nta nayo ni hivyo hivyo. Mfarishi ukatiwa kwenye mifuko miwili ya nailoni, ukalazwa kwenye friza ya mwuza barafu, upande wa barafu tupu, baada ya mwenyewe kuapishwa kwamba samaki hawatausogelea.

Kesho yake asubuhi mwuza barafu akauleta mwenyewe, mgumu kama ubao, akaagana akaenda zake kufungua biashara. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake. Vidude akautandaza mezani, akalisukuma donge kwa ukucha, na kweli, likaruka zima zima bila kuchukua hata uzi mmoja. Akacheka kwa furaha. Kisha akainama kuangalia kama pamebaki alama, na macho yakamtoka.

Maduara yote yalikuwa yamerudi. Buluu ile ile, kila moja mahali pake, mfarishi mzima kama mtu aliyeota vipele.

Hapa mtu mwingine angekunja kitambaa haraka, angesema kina unyevu, angekimbilia pasi. Mama hakuwa akiona maduara yale, na pasi ilikuwa hatua mbili tu. Lakini udadisi wa Vidude ulikuwa na miguu mirefu kuliko akili yake. "Kumbe unarudi," akasema kwa sauti kubwa. "Mama, huu wino unarudi. Moto unauficha tu, baridi inaurudisha. Haukufutika kabisa, ulikuwepo muda wote. Sasa hii ingekuwa..." Akanyamaza, lakini alikuwa ameshafika mbali.

"Wino gani?" mama akauliza.

"Wa kalamu, Mama."

"Ulichora nini kwenye kazi yangu?"

Mfarishi ulikuwa ukidondosha maji ya barafu mezani. Vidude angeweza kusema maua. Angeweza kusema ni vipimo. Akatazama mikono ya mama mkwe imetulia mapajani, akashindwa. "Maduara," akasema. "Kila mshono uliopinda niliuchorea duara, halafu nikaufumua. Nikashona upya."

Mama hakupandisha sauti. Alisimama, akaja mezani akipapasa, akanyoosha kidole cha shahada. "Nioneshe."

Vidude akakishika kidole kile, akakiweka kwenye duara la kwanza. Kitambaa kilikuwa bado cha baridi. Kisha la pili, kisha lililofuata, safu ya kwanza, safu ya pili. Alitamani maduara yaishe. Hayakuisha. Walipofika katikati mama akavuta mkono wake.

"Na pasipo na duara?"

"Hapo ni pako, Mama."

"Niwekee mkono kwenye pasipo na duara."

Akauweka. Kiganja kimoja kilitosha kupafunika. Mama akasimama hivyo kwa muda, akipagusa kwa vidole, akaupata ule mshono wake unaolala kulia.

"Kwa hiyo mtoto wa binti yangu," akasema, "atalala kwenye mkono wako, mke wa mwanangu."

Hakuwahi kumwita hivyo tangu siku ya harusi. Siku zote alikuwa mwanangu. Vidude aliona bora angepigwa kibao.

Siku zilizofuata kiti chenye mito kilikaa kitupu. Mama alikula, aliitikia salamu, aliuliza wifi anaendeleaje, kisha alirudi chumbani kwake. Mume alijaribu kupatanisha kwa mizaha, akaambulia patupu pande zote mbili. Vidude alipiga pasi mfarishi, maduara yakapotea tena, na safari hii kupotea kwake hakukumfurahisha. Akakusanya vyote alivyomnunulia mama: taa, kitungio, pini zenye vichwa. Akavipanga mezani kama alivyozoea, kila kimoja ajue kasoro yake iko wapi. Akavitazama sana. Vyote vilifanya kazi. Taa iliangaza, kitungio kilitunga, pini zilionekana toka mlangoni. Hapo ndipo swali likamjia, na lilipomjia alijisikia vibaya kwa kuchelewa kwake. Akaacha vyote mezani akaenda kugonga mlango wa mama mkwe.

"Mama," akasema, akikaa chini kwenye zulia, "unaona nini?"

"Unauliza ili iwe nini?"

"Sijui. Nataka kujua tu. Ukinitazama hivi sasa, unaona nini?"

Mama akamgeuzia uso. "Masikio," akasema. "Naona masikio yako na kilemba. Naona mlango nyuma yako. Uso haupo. Katikati pana ukungu, na nikihamisha macho, ukungu nao unahama. Ukisimama pembeni nakuona vizuri zaidi kuliko ukinikaa mbele."

"Tangu lini, Mama?"

"Kabla hujanunua taa. Lenzi yako iliukuza ukungu, basi."

"Mbona ulisema taa inafaa?"

"Uliuliza habari za taa, mwanangu. Ilikuwa taa nzuri. Macho yangu hukuyauliza."

Vidude akalia. Mtu aliyekuwa ametumia mchana mzima kuchunguza ukingo wa sindano hakuwahi kutumia dakika kumuuliza mama yake swali hilo, na kwa sababu hakuuliza, alikuwa amemnyang'anya kitu pekee alichotaka kumpa mjukuu. Alilisema hilo wazi, bila kulipunguza, akaomba radhi. Mama alimwacha alie mpaka atosheke. Hakumwambia si kitu, kwa sababu kilikuwa kitu.

"Wifi yako amebakiza muda gani?" akauliza baadaye.

"Mwisho wa mwezi, wanasema."

"Basi leta mfarishi. Na kifumulio."

Wakafumua. Vidude ndiye aliyeshika kifumulio, akakata nyuzi zake mwenyewe, mishono mizuri iliyonyooka, mmoja baada ya mwingine, na kila ulipoachia, mama alikipokea kipande akakipapasa kona zake. Ilichukua asubuhi kadhaa. Njiani walikubaliana mambo madogo. Mama hakukaa tena kwenye kiti chake akiinamia mwanga. Aligeuka ubavu kwa dirisha, akashika kazi pembeni mwa macho. Vidude alikunja kingo na kuzikandamiza kwa pasi mpaka zikawa na tuta ambalo ukucha unaweza kulifuata. Baadhi ya mishono ilikwenda vizuri. Mingine ilikwenda ilikotaka. Mikono ya Vidude ilimwasha, akaikalia.

Asubuhi moja mwuza barafu alipita dirishani na kifaa chake kipya cha kukatia nyuzi, cha kuvaliwa kidoleni, akitaka hukumu. "Kesho," Vidude akamjibu bila kuinua kichwa, na jirani akaondoka akijiuliza kama fundi anaumwa.

Mama alikuwa amefikia safu ya katikati, pale walipounganisha kipande cha gauni la wifi la utotoni na kipande cha kanga yake mwenyewe iliyochakaa. Akafunga fundo, akakata uzi kwa meno, akausukuma mshono upande wa Vidude.

"Umenyooka?"

Vidude akauinamia. Akautazama toka mwanzo hadi mwisho, na jibu lililozoea kutoka lilikuwa tayari mdomoni. Akalimeza.

"Haukunyooka, Mama. Umeanza vizuri, umepinda mwishoni."

"Umepinda sana?"

"Upana wa punje ya mchele. Kona hazikukutana."

Mama akaitikia kwa kichwa taratibu, kama anayepokea salamu za mtu wa mbali. "Umeshika?"

Vidude akakamata vipande viwili, kimoja kila mkono, akavuta. Akavuta kwa nguvu zaidi, kama anavyovuta kifaa asichokiamini. Mshono haukuachia.

"Umeshika, Mama."

"Basi nitungie uzi mwingine, mwanangu. Na ukae upande huu, nikuone."